Anza na Antena, Prosesa Ije Mwisho

Mtu akiingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue na kusema anataka kuunda kompyuta ya sebuleni, ya kurekodi televisheni na kuonyesha filamu kwenye skrini kubwa, ushauri anaopewa huanza na prosesa. Ataambiwa achukue i7 kama mfuko unaruhusu, aongeze kadi ya michoro, aweke RAM ya gigabaiti 16 au 32, na kinachobaki ndicho kinunue diski. Tyuna, kifaa chenyewe kinachopokea matangazo, hutafutwa mwisho kwa pesa ya chenji. Antena haitajwi. Mpangilio huu hurudiwa na mafundi, wauzaji na wapenzi wa kompyuta kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba anayeuhoji huonekana hajui kompyuta. Mimi nauona umesimamishwa kichwa chini miguu juu. Kompyuta ya aina hii hushindwa kazi katika sehemu ambazo orodha hiyo inazipuuza, na ni nadra sana kushindwa katika sehemu ambazo orodha inazitukuza. Pesa ya ziada inayozikwa kwenye prosesa mara nyingi ndiyo ambayo ingeokoa rekodi zisikatike na picha isigande.

Tutazame kwanza kazi yenyewe ya kurekodi. Matangazo ya kidijitali yanayorushwa kwa mitambo ya ardhini Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hutumia mfumo wa DVB-T2, na picha huwa imekwisha kubanwa huko inakotoka kabla haijaruka hewani. Kinachofika kwenye tyuna ni mkondo wa pakiti ndogo, kila moja ya baiti 188, na kila pakiti ina namba inayoonyesha ni ya chaneli ipi na kama imebeba picha au sauti. Tyuna inapokea, programu inachuja, diski inaandika. Basi. Chaneli ya ubora wa kawaida hutumia kama megabiti 2 au 3 kwa sekunde. Ya HD tuseme 8, ambazo ni sawa na megabaiti moja tu. Kompyuta inayorekodi chaneli nne za HD kwa wakati mmoja inaandika megabaiti nne kwa sekunde, ilhali hadi diski (diski ngumu) ya kawaida ya leo huandika zaidi ya 100. Kunakili video za harusi kutoka kwenye flashi huishughulisha mashine kuliko kurekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwenye chaneli nne kwa mpigo. Muda wote huo prosesa iko karibu na usingizi, iwe ya bei ya juu au ya bei ya chini.

Imani ya nguvu haikuzuka hewani, na ni haki kueleza ilikotoka. Enzi za analojia, kadi ya televisheni ilikuwa ikiipa kompyuta picha mbichi. Picha ya upana wa nukta 720 na kimo cha 576, ikija mara 25 kwa sekunde, huzaa takribani megabiti 166 kila sekunde, yaani gigabaiti 75 hivi kwa saa moja. Ni wachache mno waliokuwa na diski ya kuhifadhi mzigo huo mwaka 2000, kwa hiyo ilibidi kompyuta iubane papo hapo, na kubana video papo hapo kulizichosha prosesa za wakati ule. Fundi aliyesema miaka ile kwamba bila prosesa kali hurekodi kitu alikuwa anasema kweli. Hata hivyo, wakati huohuo palikuwa na ushahidi wa njia nyingine. TiVo, kisanduku cha kurekodia kilichoingia sokoni Marekani mwaka 1999, kilikuwa na prosesa ya PowerPC isiyofika megahezi 60 na RAM ya megabaiti 16, na kikarekodi televisheni za familia kwa miaka mingi bila kelele. Kiliweza kwa sababu kazi ya kubana picha ilipewa chipu maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kisha Mkataba wa Geneva wa 2006 ukaweka Juni 17, 2015 kuwa siku ya ukomo wa kulinda mawimbi ya analojia katika sehemu kubwa ya Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati. Dar es Salaam ilizima mitambo yake ya analojia Desemba 31, 2012, na Kenya ikakamilisha zoezi hilo mwaka 2015. Siku mitambo hiyo ilipozimwa, sababu ya kununua prosesa kali kwa ajili ya kurekodi ilizimika pamoja nayo. Ushauri ndio uliobaki hewani.

Basi rekodi huharibikia wapi? Huharibikia mlangoni. Mawimbi ya kidijitali hayafifii taratibu na kuingia chenga kama ya analojia. Hukaa safi kabisa mpaka yafikie kiwango fulani cha udhaifu, kisha picha hugeuka viraka viraka na sauti hukatika. Pakiti iliyopotea kati ya antena na tyuna imepotea moja kwa moja. Hakuna prosesa duniani inayoweza kurudisha goli ambalo halikufika. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye antena ya UHF iliyowekwa juu, ikielekezwa kwenye mnara, pamoja na waya mzuri na viunganishi visivyoingiza maji wala kushika kutu ya hewa ya bahari. Anayetaka kugawa waya mmoja kwenda kwenye tyuna mbili ajue kwamba kigawanyishi cha njia mbili hukata zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi kwa kila upande. Penye mawimbi dhaifu hilo pekee linatosha kuua chaneli. Na anayekaa karibu na mnara asikimbilie amplifaya, maana mawimbi yaliyozidi huilemea tyuna, na matokeo yake huonekana sawasawa na ya mawimbi yaliyopungua.

Tyuna nayo inadai umakini ambao wanunuzi wengi huuelekeza kwenye namba za prosesa. Soko limejaa vijiti vya USB vilivyoandikwa DVB-T, bila ile 2 mwishoni. Vingi vina chipu ya RTL2832U, chipu iliyopata umaarufu kwa wapenzi wa redio, lakini yenyewe haisomi DVB-T2. Mnunuzi atatafuta chaneli usiku kucha na hatapata hata moja, kisha atailaumu kompyuta. Tyuna zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za mfumo wa ATSC. Za Japani na Brazil ni za ISDB-T. Zote mbili ni bure kabisa kwa matangazo ya hapa. Linafuata suala la idadi. Masafa mamoja ya DVB-T2 hubeba chaneli nyingi kwa pamoja, na tyuna moja iliyoshika masafa hayo inaweza kurekodi chaneli zote zilizomo, mradi programu inaruhusu, na Tvheadend inaruhusu. Tyuna ya pili inahitajika pale tu unapotaka vipindi viwili vilivyo kwenye masafa tofauti kwa saa ileile. Kwa hiyo anayetaka kujua atanunua tyuna ngapi aorodheshe chaneli anazozifuatilia na aangalie ziko masafa gani. Ni kazi ya dakika chache ya kuperuzi menyu ya king'amuzi chake, na inamfaa kuliko wiki nzima ya kulinganisha kasi za prosesa.

Upande wa kuonyesha picha ndiko watetezi wa nguvu wanakojiona salama, na ndiko hoja yao inakovunjika vibaya zaidi. Kufungua video iliyobanwa ni kazi nzito kweli, lakini kwa zaidi ya muongo mmoja kazi hiyo haifanywi na viini vya prosesa. Hufanywa na kipande kidogo ndani ya chipu kilichochongwa kwa aina fulani za video tu. Aina ya video ikiwa kwenye orodha ya kipande hicho, mashine dhaifu huionyesha bila jasho. Isipokuwamo, mashine yenye nguvu huhema. Chukua Core i7-2600 ya mwaka 2011, ambayo bado inauzwa ndani ya kompyuta za ofisi zilizotumika na bado inasifiwa kwa sababu ya jina i7. Inakula hadi wati 95 ikiwa kazini. Kipande chake cha video kinajua H.264 na MPEG-2, ila HEVC hakiijui, kwa kuwa HEVC ilikuja baada yake. Michoro yake ya ndani haikutengenezwa kutoa picha ya 4K kwenye HDMI. Sasa iweke kando ya N100 ya mwaka 2023, chipu ndogo ya Intel ambayo kiwango chake rasmi ni wati 6. Hii inafungua H.264, HEVC ya biti 10, VP9 na hata AV1 kwa kipande maalumu, na inatoa 4K kwa picha 60 kwa sekunde. Kwenye meza ya ofisi mtu anaweza kubishana ni ipi bora. Mbele ya televisheni hakuna ubishi.

Hata kwa anayetaka mashine iliyotumika, na ni uamuzi mzuri kwa mfuko wa wengi wetu, swali la kuuliza ni kizazi, na jina lililobandikwa kwenye stika lisimshughulishe. Kwa prosesa za Intel, kizazi cha sita kinafungua HEVC ya biti 8; kizazi cha saba ndicho kilicholeta biti 10 pamoja na VP9 kwa ukamilifu. Kwa hiyo i3 ya kizazi cha saba, hasa zile zenye herufi T zilizopunguzwa hadi wati 35, ni chaguo bora sebuleni kuliko i7 ya kizazi cha pili au cha tatu, na kwa kawaida ni nafuu. RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Sina la kuongeza hapo.

Kuna kasoro moja ya picha ambayo watu huitibu kwa kununua kadi ya michoro, na kadi haiiponyi. Ni ule mtikisiko mdogo unaoonekana kamera inapoufuata mpira kutoka goli hadi goli, au maandishi yanapopita chini ya skrini wakati wa habari. Televisheni yetu hutumia mwendo wa picha 25 au 50 kwa sekunde. Kompyuta, kwa mazoea yake, hutoa picha kwa hezi 60. Kuzifanya picha 50 zijaze nafasi 60, kompyuta hulazimika kurudia picha kumi kila sekunde, na jicho hulihisi kila rudio. Dawa ni kuiweka HDMI kwenye hezi 50, au kuiambia programu kama Kodi ibadilishe hezi yenyewe kufuata kile kinachochezwa. Haigharimu senti. Chaneli ikirushwa kwa mistari ya kupishana, ya 576i au 1080i, programu pia iwekwe iunganishe mistari hiyo ipasavyo, kazi ambayo michoro ya ndani ya chipu za kisasa huimudu vizuri.

Diski ndiyo sehemu ninayotaka mnunuzi aipe pesa na fikra nyingi. Gigabaiti 3.6 kwa saa ya HD maana yake terabaiti mbili hubeba saa 550 hivi, na mara tatu yake kwa ubora wa kawaida. Ukubwa ni rahisi kuuona. Aina ya diski haionekani kwa macho. Kuna hadi diski zinazoandika nyimbo zao za data kwa kupandiana kama vigae vya paa, mtindo uitwao SMR. Zikiandikwa mfululizo wakati huohuo zinafutwa na kusomwa, baadhi hupungua kasi ghafla mno. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red zilikuwa za aina hiyo bila wanunuzi kuelezwa, na malalamiko yakawa makubwa. Diski zilizoundwa kwa kamera za ulinzi, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, zimekusudiwa kuandika mikondo ya video usiku na mchana, na hiyo ndiyo kazi ya mashine yetu. Wengine huiogopa SSD wakisema kurekodi kutaimaliza upesi. Tupige hesabu. Anayerekodi gigabaiti 20 kwa siku anaandika takribani terabaiti 7.3 kwa mwaka. SSD iliyodhaminiwa kwa terabaiti 150 itamaliza dhamana yake ya uandishi baada ya miaka 20. Hofu hiyo ina msingi pale tu mtu anapoacha programu iandike chaneli ya HD saa 24 ili aweze kusimamisha na kurudisha nyuma matangazo ya moja kwa moja. Hapo ni terabaiti 31 kwa mwaka, na kazi hiyo ipewe hadi diski.

Umeme nao una haki ya kuamua vipuri, hasa kwetu ambako hukatika bila taarifa. Mashine ya kurekodi huwa macho, au tayari kuamka, saa zote. Wati 60 zikiliwa mwaka mzima ni uniti 525. Wati 10 ni uniti 88. Mwenye luku au tokeni anaweza kuzidisha mwenyewe. Ila bili si jambo kubwa kuliko yote. UPS ndogo inayoishikilia mashine ya wati 10 pamoja na tyuna kwa muda mrefu haiwezi kuishikilia mashine ya michezo ya kompyuta zaidi ya dakika chache, na mechi hairudiwi kwa sababu mtaa wako ulikuwa gizani. Ushauri wa kununua pawa saplai ya wati 750 "kwa usalama" nao unaumiza hapa: viwango vya kawaida vya 80 Plus hupimwa kuanzia mzigo wa asilimia 20, na mashine inayovuta wati 30 iko kwenye asilimia 4 tu, mahali ambapo hakuna aliyeahidi ufanisi wowote. Na kama umeme utakatika kweli, afadhali rekodi iwe imehifadhiwa kama mkondo wa pakiti zilivyofika. Zile pakiti za baiti 188 hujitegemea, hivyo faili itachezeka mpaka sekunde ya mwisho iliyoandikwa. Faili ya MP4 ya kawaida, ambayo faharasa yake huandikwa mwishoni, inaweza kukosa kufunguka kabisa.

Wapo watakaosema: mimi nataka kubana rekodi zangu zaidi baada ya kuzirekodi, na hapo nguvu inahitajika. Inahitajika ukiwa na haraka. Kipindi kilichorekodiwa jioni kinaweza kubanwa usiku watu wakiwa wamelala, na kipande cha video cha chipu ndogo hubana pia, si kufungua tu. Tena bei ya diski kwa kila saa ya HD ni ndogo kiasi kwamba kwa wengi kubana upya ni kupoteza ubora bila sababu. Wengine husema mashine iwe moja kwa yote, michezo humohumo. Hili nalikataa kwa nguvu zaidi. Mashine ya michezo huzimwa na kuwashwa, hubadilishwa madereva, hupata joto, huganda. Mashine ya kurekodi inatakiwa isiguswe. Anayetaka vyote viwili na awe na mbili, na ile ya kurekodi haitamgharimu sana akifuata mpangilio ninaoutetea.

Wapo pia wanaotetea nguvu kwa ajili ya kesho, kwamba anayenunua kali leo hatanunua tena karibuni. Historia ya i7-2600 inawajibu. Haikuzeeka sebuleni kwa kukosa kasi. Ilizeeka kwa sababu aina mpya ya video ilikuja na kipande chake hakiijui. AV1 imezifanyia hivyohivyo prosesa nyingi ghali za kabla ya 2020. Nguvu ya ziada hainunui kesho. Kinachoinunua ni kubakiza pesa ya kubadilisha ubao mdogo baada ya miaka kadhaa, huku antena, tyuna na diski vikiendelea na kazi.

Pingamizi moja nalikubali kwa sehemu. Mwenye projekta kubwa au skrini pana sana, anayetazama filamu za ubora wa chini na kutaka zikuzwe kwa programu kama madVR, anahitaji kadi ya michoro yenye nguvu halisi, na tofauti ataiona. Huyo ni mtu wa filamu, na ajenge mashine ya filamu. Televisheni nyingi za 4K hukuza picha zenyewe, na aliye mbali nayo mita tatu sebuleni hapati faida inayolingana na gharama, joto na sauti ya feni. Kuhusu chaneli za kulipia zilizofungwa kwa kadi, kama zile za Azam, DStv na StarTimes, prosesa haina msaada wowote. Mtu ambaye chaneli zake zote ni za namna hiyo asiunde kompyuta hii. Atumie king'amuzi chenye uwezo wa kurekodi, akijua kwamba rekodi zake kwa kawaida hazitachezeka kwenye kifaa kingine. Mashine ninayoizungumzia ni ya chaneli za bure, na hizo ni pamoja na taarifa za habari, bunge na mashindano ambayo watu wengi huyafuata bila kuunguza bando.

Itasemwa mwisho kwamba mnunuzi wa kawaida hawezi kuyajua haya yote, kwa hiyo ni salama aelekezwe kwenye prosesa kubwa. Anaweza, na vipimo vyake ni vyepesi. Abebe kwenye flashi faili moja ya HEVC ya biti 10 na moja ya 1080i iliyorekodiwa hewani. Aiombe mashine izicheze kwenye televisheni ya dukani kwa HDMI, na wakati zinacheza afungue dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa. Ikibaki chini ya asilimia 15 au 20, kipande cha video ndicho kinachofanya kazi. Ikipanda hadi 80 na picha ikaanza kuruka, arudishe mashine hiyo hata kama ina stika ya i7. Kisha aizime, achomoe waya wa umeme kwa dakika chache, aiwashe tena na kutazama saa. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika huja na betri ya CR2032 iliyokwisha, na mashine iliyopoteza saa haitaamka kurekodi kipindi chochote. Betri hiyo ibadilishwe palepale kabla ya kulipia.